Kompyuta ya Nyumbani: Lipia Kazi, Usilipie Bawaba

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maisha ya mfanyakazi wa mjini kuna vitu vichache ambavyo hununuliwa mara moja na kutegemewa kwa miaka mingi. Zamani vitu hivyo vilikuwa cherehani, baiskeli na redio. Siku hizi, katika nyumba nyingi, kimeongezeka kimoja: kompyuta mpakato, ambayo vijana wetu huiita laptopu. Mtoto aliyechaguliwa kwenda chuo huihitaji ili aandike kazi zake. Mama mwenye duka huihitaji ili aweke hesabu za mali iliyoingia na iliyotoka. Mwalimu huihitaji ili atunge mitihani bila ya kupanga foleni kwenye duka la kuchapia. Chombo hiki si anasa tena. Ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi hununuliwa kwa hesabu wala si kwa macho.

Hata hivyo, ndugu msomaji, ukifika dukani utakuta macho yanapewa nafasi kubwa kuliko hesabu. Muuzaji ataweka mbele yako kompyuta mbili. Ya kwanza ni ya bei nafuu, ganda lake ni la plastiki, na hufunguka na kufungwa kama kitabu. Ya pili ni nyembamba, ganda lake ni la alumini, ina kioo cha kugusa kwa kidole, na kifuniko chake huzunguka hadi nyuma kabisa, ikawa kama kishikwambi. Bei ya hiyo ya pili aghalabu ni mara mbili ya ile ya kwanza, na pengine hata mara tatu. Moyo wa mtoto uko kwa ya pili. Mfuko wa baba uko kwa ya kwanza. Na fedha zenyewe mara nyingi ni za kikundi cha kuweka na kukopa, ambazo zitarudishwa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kukosea hapa si jambo dogo. Mkopo utaendelea kulipwa hata kama kompyuta imekwisha kufa.

Shabaha ya makala haya ni moja. Tunataka kumwonyesha msomaji kwamba swali la kujiuliza si "ipi rahisi na ipi ghali", bali ni "fedha yangu inakwenda kulipia nini ndani ya chombo hiki?" Mwenye kulijibu swali hilo hatababaishwa na muuzaji, hatalaumiana na mwanawe, wala hatanunua mara mbili.

KUGEUKA SI JAMBO JIPYA

Yafaa tuanze kwa kueleza jinsi kompyuta hizi zilivyofikia hapa, kwa sababu historia yake inaonyesha wazi ni nani aliyekusudiwa. Mwaka 1981 kampuni ya Osborne ya Marekani ilitoa kompyuta ya kuchukulika iliyoitwa Osborne 1. Uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, na bei yake ilikuwa dola 1,795. Haikuwa na betri ndani yake. Ilichukuliwa kama sanduku la safari na kuchomekwa umeme mahali ilipofikishwa. Mwaka 1985 kampuni ya Toshiba ya Japani ilitoa T1100, ambayo ilikuwa na betri yake na uzito wa kilo 4 hivi. Hapo ndipo kompyuta ilipoanza kweli kupakatwa.

Ama kuhusu zile za kugeuka, mwaka 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa programu maalumu kwa ajili ya kompyuta za kuandikiwa kwa kalamu juu ya kioo. Baadhi ya mashine za wakati huo zilikuwa na kioo kilichozunguka juu ya bawaba moja ya katikati na kulala juu ya kibodi. Wateja waliolengwa hawakuwa watu wa nyumbani, bali wale wafanyao kazi wakiwa wamesimama au wakitembea: wauguzi wanaopita kitanda hadi kitanda, wakaguzi wa mali, na wafanyakazi wa ghala. Mashine hizo zilikuwa ghali na nzito, na watu wa kawaida hawakuzipokea kwa wingi.

Mambo yalibadilika mwaka 2012, Microsoft ilipotoa Windows 8 iliyotengenezwa kwa ajili ya kuguswa kwa vidole. Mwaka huo huo kampuni ya Lenovo ilianza kuuza kompyuta yake iitwayo Yoga, ambayo bawaba zake huzunguka duara zima la nyuzi 360. Iliweza kukaa kwa namna nne: kama kompyuta ya kawaida, kama kioo kilichosimamishwa, kama hema, na kama kishikwambi. Kampuni nyingine zikaiga, na leo karibu kila mtengenezaji mkubwa anayo ya aina hiyo.

Tangu mwanzo, basi, kompyuta ya kugeuka ilikusudiwa mtu ambaye kazi yake inamtaka ashike kalamu, au afanye kazi mahali pasipo na meza. Msomaji na ajiulize bila kujidanganya: je, kazi yangu ndiyo hiyo?

NI NANI AIHITAJIYE KALAMU?

Wapo wanaoihitaji kweli. Mwalimu wa hisabati au fizikia anayeandaa masomo kwenye kompyuta anajua taabu ya kuandika alama za mlinganyo kwa kibodi. Kwa kalamu huandika kama aandikavyo ubaoni. Mhadhiri anayesahihisha kazi za wanafunzi juu ya kioo naye hunufaika. Mchoraji wa katuni au wa mitindo ya nguo hunufaika zaidi kuliko wote, kwani kalamu nzuri za aina hii hupima nguvu ya mkono kwa ngazi 4,096, hata mstari ukawa mwembamba au mnene kwa jinsi mkono unavyobonyeza. Kadhalika mtafiti anayekwenda nyumba kwa nyumba akijaza fomu. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 hapa Tanzania, makarani walitumia vishikwambi, na baada ya zoezi hilo walimu wakagawiwa. Hakuna aliyefikiri kuwapa makarani wale kompyuta za kuweka juu ya meza, maana kazi yao ilikuwa mlangoni kwa watu.

Lakini wapo wengi wanaodhani kwamba wanaihitaji, kumbe sivyo. Tumchukue mwanafunzi anayesomea usanifu wa majengo, mathalani katika Chuo Kikuu cha Ardhi. Wazazi husikia neno "kuchora" na mara hufikiri kalamu na kioo cha kugusa. Kumbe michoro ya majengo katika programu kama AutoCAD na Revit huchorwa kwa kipanya na kwa tarakimu zinazoandikwa kwa kibodi. Programu hizo ni nzito. Zinataka prosesa yenye nguvu, kumbukumbu kubwa na kioo kipana. Mwanafunzi huyo akinunuliwa kompyuta nyembamba ya kugeuka, huenda akapata kalamu asiyoitumia na kukosa nguvu anayoihitaji kila usiku. Fedha ile ile ingemfaa zaidi katika mashine nene isiyogeuka.

Vivyo hivyo kwa karani, mhasibu, mwandishi, mwanafunzi wa sheria na mama wa duka. Kazi zao ni za herufi na tarakimu. Kwao kilicho muhimu ni kibodi nzuri, kioo kisichochosha macho na betri inayodumu. Bawaba inayozunguka watazungusha wiki ya kwanza kuwaonyesha majirani, kisha haitazungushwa tena.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kompyuta ya kugeuka ikisha kugeuzwa haiwi kishikwambi hasa. Kishikwambi cha kawaida kina uzito wa nusu kilo hivi. Kompyuta ya kugeuka ina kilo moja na zaidi, na nyingi hufikia kilo moja na nusu. Kuishika kwa mkono mmoja kwa nusu saa ukisoma kitabu ni mazoezi ya viungo. Kibodi nayo hubaki chini yake, vidole vyako vikiwa juu ya vibonyezo, ingawa vibonyezo vyenyewe huzimwa visifanye kazi.

Kalamu yenyewe pia ina mambo yake. Mara nyingi huuzwa mbali, na kalamu ya kampuni moja huenda isifanye kazi kwenye kioo cha kampuni nyingine. Kwa ajili hiyo mwenye kuinunua kompyuta kwa sababu ya kalamu hapana budi aione kalamu hiyo ikiandika juu ya kioo hicho hicho, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Na kwa yule mwalimu wa hisabati ambaye mfuko haumruhusu, iko njia nyingine. Vipo vibao vidogo vya kuchorea, kama vile vya Wacom na Huion, ambavyo huchomekwa kwenye kompyuta yoyote kwa waya. Unaandika juu ya kibao na maandishi yanatokea kwenye kioo. Mkono huchukua siku chache kuzoea, lakini bei ya kibao cha kawaida ni ndogo sana ikilinganishwa na tofauti iliyopo baina ya kompyuta zetu mbili.

RAHISI NAYO INA MPAKA

Tusidhani sasa kwamba ushauri wetu ni kununua ile ya bei ya chini kabisa. La hasha. Kompyuta rahisi ni nafuu mpaka kiwango fulani. Chini ya hapo inakuwa hasara. Ili kukijua kiwango hicho, tuifananishe kompyuta na jiko.

Prosesa ni mpishi. Yeye ndiye afanyaye kazi. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ni meza ya jikoni: jinsi ilivyo pana ndivyo mpishi awezavyo kuweka vyombo vingi mbele yake kwa wakati mmoja. Hifadhi ni stoo, mahali unga na mchele unapokaa hata jiko likizimwa. Mpishi hodari mwenye meza finyu atapoteza muda mwingi akienda stoo na kurudi kuliko akipika. Na kama mlango wa stoo nao ni mwembamba, wageni watalala na njaa.

Kompyuta nyingi za bei ya chini kabisa zina kasoro hiyo hasa. Zina gigabaiti 4 za kumbukumbu, na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina inayoandikwa eMMC. Hifadhi ya aina hiyo ni ya polepole kuliko ile iitwayo SSD, na huwa imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani, hata fundi hawezi kuitoa na kuweka kubwa zaidi. Microsoft imetaja kwamba Windows 11 huhitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu na 64 za hifadhi. Lakini msomaji aelewe kwamba hicho ni kiwango cha kuwaka, si kiwango cha kufanyia kazi. Windows yenyewe hula sehemu kubwa ya gigabaiti hizo 64. Na siku inapotaka kujisasisha hukosa nafasi, ikaanza kulalamika na kukwama. Mtoto atasema kompyuta imechoka, kumbe ilizaliwa imechoka.

Kwa kazi za kawaida za nyumbani na chuoni, kiwango cha chini tunachokishauri ni hiki: kumbukumbu ya gigabaiti 8, hifadhi ya SSD ya gigabaiti 256, na kioo chenye nukta 1920 kwa 1080. Vioo vya nukta 1366 kwa 768 bado vinauzwa kwenye mashine za bei ya chini. Vinafaa kwa kuandika barua, lakini anayesoma kurasa ndefu au kufungua jedwali pana la hesabu atakuwa akisogeza huku na huko siku nzima. Mashine yenye vitu hivi vitatu, hata kama ganda lake ni la plastiki na haigeuki, itamtumikia mwanafunzi muda wake wote wa masomo.

Iko hadhari moja zaidi. Zipo pia kompyuta za kugeuka ambazo ni rahisi, na ndani yake zina gigabaiti 4 na hifadhi ya eMMC kama zile tulizozisema. Kioo cha kugusa na bawaba za kuzunguka zina gharama yake, na mtengenezaji anayetaka bei iwe ndogo hupunguza mahali ambapo jicho halifiki. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamwuzia mnunuzi umbo na kumnyima kazi. Katika bei iliyo sawa, mara nyingi ile isiyogeuka ndiyo yenye nguvu zaidi ndani.

MAJINA YENYE KUPUMBAZA

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue kule Nairobi, mnunuzi atasikia maneno "Core i7" yakitajwa kana kwamba ni mwisho wa mazungumzo. Si mwisho, ni mwanzo.

Prosesa za kampuni ya Intel zimetolewa kwa vizazi, na namba inayofuata jina ndiyo inayoonyesha kizazi. Kwa mfano, i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013, nayo ina viini viwili vya kufanyia kazi. Prosesa i3-1215U ni ya kizazi cha 12, ya mwaka 2022, nayo ina viini sita. Huyu "mdogo" wa mwaka 2022 anamshinda yule "mkubwa" wa mwaka 2013 kwa mbali. Basi muuzaji akisema "i7", mwambie kwa adabu: "Naomba kuiona namba yote." Kwa upande wa kampuni ya AMD, jina la Ryzen 3, 5 au 7 nalo hufuatwa na namba, na kanuni ni hiyo hiyo.

Majina ya Celeron na Pentium, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya prosesa za bei nafuu za Intel, yaliachwa kwa kompyuta mpakato mpya tangu mwaka 2023. Mahali pake utakuta zimeandikwa Intel N100 na nyingine za jamii hiyo. Hizi si mbaya kwa kuandika na kusoma, lakini asipewe mwanafunzi wa uhandisi.

NJIA YA TATU

Kati ya rahisi iliyo mpya na ghali iliyo mpya kuna njia ya tatu, ambayo wananchi wengi wameigundua wenyewe: kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo na kuletwa kwetu. Mashine kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni. Bawaba zake ni imara, kibodi zake ni nzuri, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida ili fundi aongeze kumbukumbu au abadilishe hifadhi. Mara nyingi kwa bei ya kompyuta mpya iliyo dhaifu utapata ya namna hii iliyo na nguvu maradufu.

Lakini njia hii nayo ina miiba yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashine zenye programu hiyo hazikuzimika, lakini zilikoma kupata bure na kwa kawaida yale marekebisho ya kuziba matundu ya wezi wa mitandao. Na Windows 11 haikubali rasmi kila mashine: kwa prosesa za Intel, karibu zote zinazokubaliwa ni za kizazi cha 8 na kuendelea, yaani za kuanzia mwaka 2017. Kwa sababu hiyo makampuni mengi ya nje huondoa mashine zao za vizazi vya nyuma, nazo huweza kufika katika masoko yetu kwa bei ya kuvutia. Anayenunua kwa ajili ya kutunza fedha zake au hesabu za duka asishuke chini ya kizazi cha 8. Aliye na fundi mwaminifu anaweza kuwekewa programu ya Ubuntu, ambayo hutolewa bure na hufanya kazi vizuri kwenye mashine za zamani. Ila ajue kwamba baadhi ya programu za chuoni hazitakubali humo.

Betri nayo huchakaa. Kwenye kompyuta ya Windows, mwambie muuzaji afungue dirisha la amri na kuandika: powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake sasa. Ikiwa ilikuwa na 50,000 na sasa imebakiwa na 30,000, basi imepoteza sehemu mbili katika tano, na bei nayo yapaswa kuteremka. Mwisho, dai risiti yenye namba ya mashine. Kompyuta isiyo na risiti huenda ina mwenyewe anayeitafuta.

SIKU ITAKAPOHARIBIKA

Kila chombo huharibika, na busara ya mnunuzi ni kufikiria siku hiyo mapema. Kompyuta ya kawaida ikivunjika kioo, fundi hutoa kioo hicho na kuweka kingine. Ile ya kugeuka, kioo chake cha kugusa mara nyingi kimegandishwa pamoja na kioo cha picha. Kikipasuka kimoja hubadilishwa vyote, na gharama yake humtoa mtu jasho. Kumbukumbu nayo, katika nyingi ya mashine hizo nyembamba, imeunganishwa kwenye ubao. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachobaki nacho hadi mwisho.

Bawaba ni jambo la kuangaliwa kwa aina zote mbili. Katika maganda ya plastiki, skrubu za bawaba hushikiliwa na vijiti vidogo vya plastiki. Mtu akizoea kufungua kompyuta kwa kuvuta pembe moja ya kioo, plastiki hiyo hupasuka na ganda huachana. Fundisha nyumba nzima kufungua kwa kushika katikati ya ukingo wa juu. Ni jambo dogo, halina gharama, na limeokoa mashine nyingi.

Kuhusu umeme, chaja nyingi za kompyuta mpakato zimeandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu wa volti 230 hauna neno. Kinachoua ni umeme kupanda ghafla baada ya kukatika. Chomoa chaja umeme unapokatika, na subiri kidogo unaporudi. Mashine inayochajiwa kwa tundu la USB-C ina faida yake: chaja ikipotea, ya kufanana nayo hupatikana kwa urahisi zaidi, mradi iwe na nguvu ya kutosha.

HESABU YA MIAKA

Sasa tuziweke fedha mezani. Huu ni mfano wa hesabu tu, wala si bei ya duka lolote. Tuseme kuna kompyuta tatu. Ya kwanza ni dhaifu, iliyo chini ya kiwango tulichokitaja, kwa shilingi 600,000; baada ya miaka 2 haifai kitu. Ya pili ni ya kawaida, yenye kufikia kiwango hicho, kwa shilingi 900,000. Inatumika miaka 5. Ya tatu ni nzuri ya kugeuka, kwa shilingi 2,100,000; inatumika miaka 6.

Ya kwanza, iliyoonekana rahisi, inakugharimu shilingi 300,000 kwa mwaka. Ya pili inakugharimu shilingi 180,000 kwa mwaka. Ya tatu inakugharimu shilingi 350,000 kwa mwaka. Msomaji ataona kwamba ile iliyo dhaifu inakaribiana na ile ya fahari kwa gharama, ila haina raha yake.

Tofauti kati ya ya pili na ya tatu ni shilingi 170,000 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya shilingi 14,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kugeuka, ya kalamu na ya wembamba. Sasa swali limekuwa dogo, na kila mtu anaweza kulijibu: je, kalamu ile itaniingizia au kuniokolea shilingi 14,000 kila mwezi? Mchoraji anayelipwa kwa kila katuni atajibu ndiyo bila ya kusita, na huyo anunue kwa amani. Kwake si anasa, ni jembe. Karani wa ofisi atajibu hapana. Tena asisahau kwamba kompyuta ikiibwa kwenye daladala au ikiangukiwa na kikombe cha chai, mmoja amepoteza laki tisa na mwingine amepoteza milioni mbili na laki moja.

UKIFIKA DUKANI

Kabla ya kulipa, fanya mambo haya, na usiharakishwe na mtu.

Kwanza, nenda na orodha ya kazi tatu ambazo kompyuta hiyo itafanya kila wiki, iliyoandikwa nyumbani pamoja na yule atakayeitumia. Kisichomo katika orodha hiyo usikilipie.

Pili, iwashe mwenyewe, na usome ndani yake namba kamili ya prosesa, kiasi cha kumbukumbu, na aina ya hifadhi. Usitegemee karatasi iliyobandikwa nje.

Tatu, andika aya nzima ya Kiswahili kwa kibodi yake. Lugha yetu haihitaji herufi za pekee, kwa hiyo kibodi yoyote inafaa. Unachopima ni kama vidole vinakubaliana nayo.

Nne, kiangalie kioo kwa pembeni na karibu na mlango penye mwanga. Vioo vingine vya bei ya chini hufifia ukisogea kidogo tu.

Tano, uliza kama kumbukumbu yaweza kuongezwa baadaye, na ni nani mjini anayeitengeneza mashine hiyo. Dhamana isiyo na fundi karibu ni karatasi tupu.

Sita, kama ni ya kugeuka, igeuze mara kadhaa, iandikie kwa kalamu yake, na ishike mkononi kwa dakika kumi ukiwa umesimama. Ikiwa mkono umechoka kabla ya dakika hizo kwisha, umekwisha kupata jibu lako.

Ndugu msomaji, mtoto atakayekwenda chuoni na mashine ya plastiki iliyo na nguvu ya kutosha hataaibika mbele ya wenzake siku ya mtihani. Atakayeaibika ni yule ambaye kazi yake imekwama ndani ya mashine nzuri ya kutazamwa, usiku wa mwisho wa kuikabidhi. Kaeni nyumbani, baba, mama na mtoto, muiandike ile orodha ya kazi tatu kabla ya kupanda basi kwenda mjini. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia ni mashine ipi, na shilingi ngapi zibaki kwa ajili ya ada na nauli.